Neno "Kamwe" katika Hojaji za Afya ya Akili kwa Vijana wa Kasongo na Kabambare

Hojaji nyingi za kupimia huzuni na hofu za vijana hutungwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Kasongo huonekana kuwa mahali pepesi kwa kazi hiyo, maana tangu zama za Tippu Tip, katika karne ya 19, Kiswahili chake kimehesabiwa kuwa karibu na cha pwani. Ukaribu huo ndio unaodanganya.

Tuchukue hojaji ya Hopkins ya dalili 37, toleo la vijana. Kila kauli ina majibu manne yenye alama 1 hadi 4. Yakifasiriwa neno kwa neno, huanza na "kamwe" na kuishia na "daima". Mfasiri akiandika "Sina hamu ya kula", na mtoto akachagua "kamwe", amesema nini? Kwa mtunzi, dalili haipo: alama 1. Kwa sarufi ya Kiswahili, "kamwe" hutilia nguvu ukanushi: sina hamu kamwe, alama 4. Hivyo mgonjwa huandikwa mzima, akarudishwa nyumbani. Afadhali kauli yakinishi, "Hamu ya kula imenipotea", na majibu ya kuhesabika: hata siku moja, siku chache, siku nyingi, kila siku.

Sarufi peke yake haitoshi. Kabambare, jirani ya Fizi, imeona familia zikikimbia vita zaidi ya mara moja tangu 1996. Asiyekula huenda ana hamu tele, ila chungu ni kitupu. "Unafikiri sana?" humpendeza mwanafunzi hodari, "mawazo mengi" ndiyo yabebayo uzito wa moyo. Na maneno "ugonjwa wa akili" juu ya karatasi humkumbusha msomaji wazimu. Kwa maoni yetu yafutwe tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, katika kazi iliyochapishwa 2010, waliirekebisha hojaji hiyo huko Ituri kwa Kiswahili na Kifaransa, wakishirikiana na wenyeji, kisha wakaijaribu kwa vijana zaidi ya 1,000. Njia yao yafaa kuigwa; matini yao yasihamishwe yalivyo, kwani Kiswahili cha Bunia si cha Kasongo. Na Kabambare, ambako watoto wengi huanza na Kibangubangu nyumbani, kila kauli isomwe kwanza kwa kijana, naye aieleze upya kwa lugha ya mamaye, kabla alama yoyote haijaandikwa.