ULIDHANI UMEFUTA? KUMBE DISKI INAKUCHEKA!

Wiki hii naanika aibu yangu mwenyewe, maana za watu nimeshaanika sana.

Mwaka 2019 niliuza kompyuta yangu ya mezani kwa kijana wa mtaa wa pili. Nilijiona mjanja bwana! Nilifuta mafaili yote, nikamwaga mpaka kapu la taka, nikamalizia na fomati ya haraka. Nikahesabu noti zangu, kwisha kazi.

Wiki tatu baadaye kijana akanivuta pembeni. "Samahani kaka, niliweka programu ya kurudisha picha zangu zilizopotea, zikaja na za kwenu. Na majibu ya hospitali ya dada yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Majibu yale dada alinipa nimskanie, na hata shemeji alikuwa hajayaona. Nilipomwambia, hakunisemesha miezi miwili.

Kumbe kufuta faili ni sawa na kung'oa kibao cha jina mlangoni, huku vitanda na makabati yamebaki chumbani. Kompyuta inajiandikia tu kwamba nafasi ile iko wazi. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, cha zamani kipo. Fomati ya haraka nayo ndiyo hiyo hiyo.

Wala si sisi wa uswahilini tu. Kati ya 2000 na 2002, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski kuukuu 158. Zilizofanya kazi ni 129, na zilizosafishwa sawasawa ni 12 tu! Nyingine zilikuwa na namba za kadi za benki, jumla zaidi ya 5,000.

Basi mwezi uliopita nikawa na kompyuta nyingine ya kuuza. Nikaapa: safari hii sidanganyiki. Fundi mmoja Kariakoo akaniambia, "Piga fomati mara kumi." Asante fundi, bakia na ushauri wako. Mwingine akataka niandike juu yake mara 35, hesabu iliyotoka kwa Peter Gutmann mwaka 1996. Gutmann mwenyewe alishasema baadaye kwamba watu wamemwelewa vibaya. Kwa diski inayozunguka ya siku hizi, kuandika sifuri mwanzo hadi mwisho mara moja kunatosha.

Tatizo, yangu ilikuwa na sehemu mbovu ambazo diski imezitenga. Programu ya kawaida haifiki huko, na vya zamani vinabaki vimejibanza. Dawa ni amri ya kujifuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, hasa ile ya nguvu zaidi. Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi, nikaita hdparm.

Ikagoma. Kwanza niliichomeka kwa waya wa USB, na vifaa vingi vya aina hiyo havipitishi amri. Nikafungua boksi, nikaiunga moja kwa moja. Ikagoma tena: eti imegandishwa! Kompyuta nyingi huigandisha diski zinapowaka, kusudi kirusi kisije kikaifunga au kuifuta. Nilihangaika mpaka saa sita usiku. Jibu lake likanichekesha: unailaza kompyuta usingizi, unaiamsha, diski inaachia.

Hapo unaipa neno la siri la muda, ndipo unaamuru ijifute. Neno lenyewe liandike kwenye karatasi! Umeme ukikatika katikati, diski inabaki imefungwa, na bila neno hilo utaambulia kopo. Nilikaa nikiitazama taa ya ukutani karibu saa mbili, nikiiombea isizimike. Haikuzimika. Nikaileta ile programu ya kurudisha picha, ikachimba weee, ikatoka patupu.

Wenye SSD, nyie kuandika juu hakuwatoshi, maana diski hiyo huhamisha vitu kimyakimya. Tumieni amri yake ya kujifuta, au fungeni data kwa msimbo toka siku ya kwanza.

Dada alikuja kushuhudia mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ile ya kwanza?"

Nilishamfuata yule kijana. Aliiuza mwaka 2021, Mbagala, kwa mtu asiyemkumbuka.