Kijiji, grupema, sekta, teritwari: nani ni nani kati ya Kasongo na Kabambare?

Ukifika kwenye ofisi yoyote kusini mwa Maniema, swali la kwanza ni lile lile: "Unatoka wapi?" Watu wengi wanajibu kwa neno moja: Kasongo, ao Kabambare. Lakini jibu hilo halimtoshi mwandishi wa ofisi. Anataka kijiji, grupema, sekta, teritwari na jimbo, kwa mustari wake. Ukikosa moja, ama ukiandikisha jina la grupema ya jirani, karatasi yako inaweza kukuletea shida miaka mingi baadaye.

Tena kuna ile ya pesa. Soko likikosa paa, daraja likivunjika, zahabu ikitoka chini ya udongo wa watu, nani anapaswa kuulizwa? Chefu wa kijiji? Administrata? Gavana kule Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo? Kujua ngazi hizi ndiyo kujua mlango wa kupiga hodi.

Ngazi tano, kuanzia chini

Chini kabisa kuna kijiji, wengine wanakiita lokalite. Sheria ya Kongo inakiona kijiji kama jamii ya watu walioungana kwa undugu, kwa desturi na kwa kusaidiana. Kiongozi wake ni chefu wa kijiji. Yeye ndiye anayejua nani amezaliwa, nani amekufa, shamba la nani linaishia kwenye mti gani.

Vijiji kadhaa vinafanya grupema. Hii nayo imesimama juu ya desturi: chefu wake anatoka kwenye ukoo unaotawala, kisha serikali inamtambua. Neno "kutambua" lina uzito hapa. Ukoo unaweza kumweka mtu kwenye kiti, lakini bila karatasi ya serikali, ofisi hazitamhesabu. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya machefu wa kimila iliandikwa ili kuweka wazi haki zao na mipaka yao, pamoja na katazo la kuingia katika siasa za vyama.

Juu ya grupema kuna sekta ao sheferi. Hizi mbili ziko kwenye ngazi moja lakini si kitu kimoja. Sheferi, ambayo wengi wanaiita usultani, ni watu wa desturi moja walio chini ya chefu mmoja wa damu, kama wamwami wa Kivu. Sekta ni mchanganyiko: jamii kadhaa, kila moja na machefu wake, zimewekwa pamoja chini ya chefu wa sekta ambaye, kwa mujibu wa sheria, anapaswa kuchaguliwa. Mtoto wa chefu wa sekta harithi kiti cha baba yake.

Katika teritwari ya Kabambare, kuna sekta kama Babuyu, Bahombo, Lulindi, Salamabila na Wamaza. Upande wa Kasongo kuna sekta kama Maringa, Mulu na Wagenia. Majina mengine, kama Babuyu, Bahombo na Wagenia, yanakumbusha watu waliokuwa hapo kabla ya ofisi kufika.

Ngazi ya nne ni teritwari, na mkubwa wake ni administrata. Kongo nzima ina teritwari 145. Maniema ina saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Juu yao kuna jimbo, lenye gavana na bunge lake, makao yakiwa Kindu.

Nani ana sanduku lake?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanafikiri kwamba, kwa kuwa administrata ni mkubwa kuliko chefu wa sekta, basi teritwari ndiyo yenye pesa za maendeleo. Kisheria si hivyo.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja sehemu nne zenye uhuru wa kujiongoza chini ya jimbo: mji, komini, sekta na sheferi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna zinavyofanya kazi. Sehemu hizi zina bajeti yake, zinaweza kuwa na mali, kufungua kesi na kushitakiwa.

Teritwari, grupema na kijiji hazimo katika hesabu hiyo. Administrata ni jicho na mkono wa serikali: anasimamia usalama, anafuata kazi za idara za serikali, na gavana anaweza kumpa kazi ya kuangalia sekta na sheferi. Chefu wa grupema na chefu wa kijiji wako karibu zaidi na watu, lakini sheria haikuwapa sanduku la kodi.

Maana yake kwa mkaaji ni nini? Kodi ya soko ya kwenye sekta inapaswa kuamuliwa na sekta na kulipwa kwa karatasi ya malipo. Mtu akisimamisha kamba njiani na kudai pesa kwa jina la grupema, mkaaji ana haki ya kuuliza: pesa hii iliamuliwa na nani, na karatasi iko wapi?

Kuna tofauti kubwa na majirani. Wale waliowahi kuishi Kigoma wanajua kwamba Tanzania kijiji kilichoandikishwa kina halmashauri yake, mwenyekiti wa kuchaguliwa na mkutano wa wakaaji wote. Kijiji hicho kinaweza kuweka mkataba ama kwenda mahakamani kwa jina lake. Kongo, nguvu hiyo inaanzia kwenye sekta ao sheferi. Ndiyo maana kijiji cha Kabambare kikitaka kudai kitu kwa nguvu ya sheria, njia yake ya kwanza inapita kwa ofisi ya sekta.

Mipaka na zahabu

Mpaka wa sekta unaweza kuonekana kama jambo la wazee na ramani. Lakini panapo madini, mpaka huo ni pesa.

Kodi ya Madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema hivi: kampuni yenye hati ya kuchimba inalipa serikali sehemu ya mauzo yake, inayoitwa redevansi. Kwa madini ya thamani kama zahabu, ni asilimia 3,5. Pesa hiyo inagawanywa. Katika kila franka 100 za redevansi, 50 zinaenda kwa serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi ao komini ambako uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Zile 15 hazipiti kwa teritwari. Hazigawanywi kwa sekta zote za Kabambare. Zinaenda kwa sekta yenye machimbo. Machimbo ya zahabu ya Namoya, kwa mfano, yako Salamabila. Kijiji kilicho karibu nayo kikihesabiwa ndani ya Salamabila, kinaweza kudai hesabu ya pesa hizo kwa ofisi ya sekta. Kikihesabiwa nje, hakina mlango, hata kama vumbi la magari linakifikia kila siku.

Pembeni ya redevansi, sheria hiyo hiyo inadai kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake. Hapo tena swali linarudi: jamii gani, vijiji gani, nani aliandikwa kwenye orodha?

Wachimbaji wadogo wako kwenye utaratibu mwingine, kwa hiyo mahali penye wachimbaji wa mikono peke yao, sekta isitegemee redevansi hii.

Karatasi ya mtoto

Mfano mwingine ni wa kila siku. Fikiri mama aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Kabambare na kujifungulia Kasongo, kwa ndugu wa mume. Mtoto ni wa wapi?

Mahali pa kuzaliwa na asili ni vitu viwili. Mtoto alizaliwa Kasongo, na hiyo haibadiliki. Asili yake inafuata wazazi: kijiji, grupema na sekta yao ya Kabambare. Wazazi wengi wanachanganya, wanaandikisha Kasongo mara mbili, ama wanataja jina la kambi ama la mtaa walikopanga. Miaka ishirini ikipita, kijana huyo akidai shamba la babu, karatasi inamwita mgeni.

Kuandikisha mtoto ni kazi ya afisa wa eta sivili. Kwenye sekta, afisa huyo ni chefu wa sekta, na kwenye sheferi ni chefu wa sheferi. Sheria ya familia iliyobadilishwa tarehe 15 Julai 2016 inawapa wazazi siku 90 baada ya mtoto kuzaliwa. Zikipita, ofisi haiwezi tena kuandika tu. Inabidi hukumu ya mahakama, na hapo safari na gharama zinaanza. Karatasi ya maternite inasaidia, lakini haichukui nafasi ya hati ya kuzaliwa.

Jina moja, vitu vine

Sehemu nyingine ya mvurugo ni majina. "Kasongo" ni kituo, tena ni teritwari, tena ni kanda ya afya, tena ni dayosisi ya Kanisa Katolike. Mipaka yao haiko sawa. Ukienda mbali magharibi, jimbo la Kwango lina teritwari ya Kasongo-Lunda, na barua zinaweza kupotea.

Kanda za afya zilikatwa kwa kuangalia hospitali na njia za kufika. Hazikufuata sekta. Maniema ina kanda za afya za Kasongo, Kunda na Samba, pia za Kabambare, Lusangi na Salamabila. Mtu anaweza kujua vizuri kanda yake ya afya, kwa sababu ya chanjo na vyandarua, bila kujua sekta yake. Akiulizwa sekta, anataja kanda.

Na maandishi nayo: Salamabila ama Saramabila? Zote mbili zinaonekana kwenye karatasi za serikali. Kwa masikio ni kitu kimoja. Kwa mashine ya kutafuta majina, ni sehemu mbili.

Ngazi hizi zilitoka wapi?

Katika karne ya 19, Kasongo, Nyangwe na Kabambare zilikuwa vituo vya biashara ya pembe na ya watumwa, chini ya watu kama Tippu Tip. Jeshi la Leopold wa Pili liliingia Kasongo mwaka 1893. Kabla na baada ya hapo, jamii zilikuwa na machefu wao, lakini bila mistari iliyochorwa.

Wabeleji walihitaji mtu wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Amri ya mwaka 1891 ikaanza kutambua machefu, na ile ya tarehe 2 Mei 1910 ikaweka kila mtu chini ya sheferi fulani. Sheferi zikawa nyingi na ndogo. Ndiyo maana amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilileta sekta: kukusanya sheferi ndogo ndogo kwenye ofisi moja. Sekta, basi, ni chombo cha ofisi kilichowekwa juu ya desturi, na mabishano mengi ya leo juu ya "nani mkubwa hapa" yana mizizi hapo.

Baada ya uhuru, majina yalibadilika, wakati wa Zaire watu waliita sekta na sheferi "kolektivite", na wazee wengi bado wanasema hivyo. Tarehe 20 Julai 1988, Kivu ya zamani ikagawanywa, na Maniema ikawa jimbo.

Kiti ambacho bado hakijapigiwa kura

Sheria inasema sekta iongozwe na baraza lililochaguliwa na wakaaji, na baraza hilo ndilo limchague chefu wa sekta na msaidizi wake. Baraza ndilo linapitisha bajeti na kuuliza hesabu.

Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, kura za washauri wa komini zilipigwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta na sheferi zilibaki bila kura. Kwa hiyo machefu wa sekta wanawekwa na wakubwa wa juu, na yule anayewekwa na wakubwa anajua ni nani anaweza kumwondoa. Sanduku liko, lakini macho ya kulilinda, yaliyoandikwa kwenye sheria, bado hayajafunguliwa.

Wakati huo ukingojewa, kuna mambo ambayo mkaaji anaweza kufanya leo. Aandike kwenye daftari la nyumba mustari wake wote: kijiji, grupema, sekta, teritwari, jimbo, kwa maandishi yale yale yaliyo kwenye karte yake ya uchaguzi. Aandikishe mtoto ndani ya siku 90. Adai karatasi ya malipo sokoni. Na kijiji kikiwa na swali juu ya pesa, kiandike barua kwa chefu wa sekta, nakala kwa administrata, na kibaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Wazee wa kijiji wanaojua mto upi ni mpaka na mti upi ulipandwa na babu nani, wanazidi kupungua. Wakati wa kuwauliza na kuandika ni sasa, wakiwa bado wanaweza kuonyesha kwa kidole.