Kisu Kinachowatia Wenzake Kutu

Msomaji wetu wa Tanga ametuandikia kuhusu visu vinne vya kukunja vya Kijerumani alivyoachiwa na babu yake, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge. Anauliza ni vya lini na vina thamani gani. Mwishoni mwa barua, kama jambo dogo tu, ameongeza kwamba vyote anaviweka kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, anavipaka mafuta kila mwezi, na bado vinashika kutu. Kimoja, anasema, kina mpini wa gamba la ng'amba, na mpini huo umeanza kupasuka vipande vidogo vidogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Hicho ndicho chenye kutu nyingi kuliko vyote, hasa pale bapa linapolala ndani ya mpini.

Swali la thamani litasubiri kidogo. Hili la kutu haliwezi kusubiri, maana linaendelea usiku na mchana kopo likiwa limefungwa.

Nilimpigia simu nikamwomba ausugue mpini ule kwa dole gumba mpaka upate joto, kisha aunuse. Jibu lilikuja palepale: "Dada, unanuka karafuumaiti!"

Basi si ng'amba. Ng'amba ikisuguliwa haitoi harufu ile tunayoijua kwenye sanda. Mpini huo ni seluloidi, plastiki ya kwanza kuenea duniani, ambayo John Wesley Hyatt wa Marekani aliifanya bidhaa ya biashara karibu na mwaka 1870. Hutengenezwa kwa selulosi, yaani nyuzi kama za pamba, iliyotiwa asidi ya nitriki ikawa selulosi nitrati, kisha ikalainishwa kwa karafuumaiti. Ikipashwa moto hukubali umbo lolote na rangi yoyote. Mafundi wa Solingen, mji wa visu kando ya mto Wupper, waliitumia kuiga pembe ya ndovu, lulumizi na ng'amba. Hata mipira ya tenisi ya mezani ilikuwa ya seluloidi mpaka sheria za mchezo zilipobadilika mwaka 2014.

Sasa tuingie ndani ya mpini, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu sijakutana na jambo la kemia linalonifurahisha kuliko hili. Selulosi nitrati imebeba mafungu ya nitrojeni na oksijeni ambayo hayakushikwa kwa nguvu. Joto na unyevu hulegeza vifungo, fungu moja likachomoka na kutoka kama gesi ya nitrojeni dioksaidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi ya nitriki, ileile iliyotumika kuiunda seluloidi hapo mwanzo. Na asidi hiyo hurudi kwenye mpini na kukata vifungo vingine. Vikikatika hutoa gesi zaidi, gesi huzaa asidi zaidi, nayo hukata zaidi. Mpini unatengeneza wenyewe kitu kinachoula.

Aliyewahi kuvundika ndizi anaijua hali hii. Unachukua mkungu mbichi, unaufukia shimoni au unaufunika kwa majani ndani ya pipa, na ukitaka mambo yaende haraka unaweka katikati ndizi moja iliyokwisha kuiva. Ndizi hiyo hutoa gesi ya ethilini. Jirani zake wakiipata huanza kuiva, na wakianza kuiva hutoa ethilini yao, ikawafikia wa mbali zaidi, mpaka mkungu mzima ukageuka njano kwa siku chache. Ukifunua pipa gesi hutawanyika na kazi hupoa. Kwa hiyo mfuniko ni sehemu ya mtambo kama ilivyo ndizi mbivu. Na kopo la biskuti lenye mfuniko mzuri, katika joto na unyevu wa Tanga, ni pipa la kuvundikia visu. Kisu chenye seluloidi ndicho ndizi mbivu. Mvuke wake hulitafuna kwanza bapa lake kwa kuwa ndilo lililo karibu, kisha huwafuata wenzake. Mafuta yaliyopakwa juujuu hayawezi kuuzuia mwezi mzima.

Wanakemia huita hali hii ya kitu kujiharakishia mabadiliko yake kwa jina ambalo baadhi yetu tumelitafsiri "kujichochea". Silipendi. "Kichocheo" tumekwisha kukipa kazi za homoni, na "uchochezi" una kesi mahakamani. Napendekeza kujivundika. Neno hili limebeba mfuniko, joto na subira, na ndani yake limo "kuvunda", yaani kuoza kwa uvundo. Kuiva na kuoza vimekaa kwenye mzizi mmoja, na mpini wa seluloidi unapita njia hiyohiyo. Walimu wa kemia, lijaribuni darasani mnieleze.

Si kila seluloidi hujivundika. Ile nyeupe inayoiga pembe ya ndovu mara nyingi ilitiwa zinki oksaidi, ambayo hupunguza ukali wa asidi, kwa hiyo hudumu zaidi. Inayopitisha mwanga, kama hii ya kuiga ng'amba, ndiyo dhaifu. Na asijaribu mtu kuipima kwa sindano ya moto: huwaka ghafla, kwa ukali.

Haya, thamani. Soma alama iliyogongwa chini ya bapa, karibu na kiungo. Jina Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938. "W. Germany" maana yake kisu ni cha kati ya 1949 na 1990. "Germany" peke yake, pamoja na mpini wa seluloidi, huelekeza kabla ya 1949, na ndivyo kilivyo kisu chetu kinachooza. Cha pili kina alama ya mti, ya kampuni ya Böker iliyoanza 1869, na mpini wa pembe ya kulungu. Cha tatu ni cha chapa ya Okapi, chenye mpini wa mbao na jina Solingen. Visu hivyo vilianza kutengenezwa 1902 kwa ajili ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo chenye Solingen ndicho cha zamani. Cha nne kimenolewa kwa tupa mpaka bapa limebaki nusu ya upana wake. Mkusanyaji hatakitazama mara mbili.

Cha alama ya mti ndicho cha kuulizia bei, na bei ya kuiamini ni ile ambayo kisu kama hicho kimeshauzwa, si ile inayotajwa na muuzaji. Asikisugue kwa msasa, maana wakusanyaji hutaka rangi ya kijivu ya chuma cha zamani na alama inayosomeka. Hiki cha seluloidi akipige picha sasa, alama na mpini, kabla mpini haujabomoka. Kisha akitoe koponi, akikunjue, akiweke peke yake kwenye rafu yenye kivuli inayopitisha hewa, mbali na jiko.

Na lile kopo aliache wazi.