Nyegere na Ndege wa Taita: Kweli au Si Kweli?

Ndege aongozaye watu kwenye asali ni ndege mwimbaji.
Si kweli. Nasaba yake iko karibu na vigong'ota. Ndege waimbaji wako katika oda ya Passeriformes, yenye zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani.

Nyegere ni jamaa ya nguchiro.
Si kweli, ingawa wengi huwachanganya. Nguchiro yuko upande wa paka na fisi. Nyegere yuko upande wa mbwa, katika familia ya Mustelidae, pamoja na fisimaji na kicheche. Jenasi yake, Mellivora, ina spishi moja tu: yeye mwenyewe.

Kati ya nyegere na apalisi wa Taita, nyegere ndiye anayekaribia kutoweka.
Si kweli hata kidogo. Apalisi huyu, ndege mwimbaji wa takriban gramu 10, hapatikani popote duniani isipokuwa Milima ya Taita, Kenya, katika mabaki ya misitu kama Ngangao na Vuria. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Msitu wa asili umekatwa kwa mashamba na kwa kupanda misonobari na mikaratusi, naye amebanwa katika vipande vilivyotengana.

Uainishaji ni kazi ya wataalamu tu; hauokoi kiumbe.
Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Baadhi ya orodha zimemhesabu apalisi wa Taita kuwa nususpishi ya Apalis thoracica, ndege aliyeenea hadi Afrika Kusini na asiyetiliwa wasiwasi. Akihesabiwa hivyo, msiba wake unafichwa na wingi wa jamaa zake. Akihesabiwa kuwa spishi kamili, Apalis fuscigularis, kila mti unaokatwa Vuria una uzito wake.

Nyegere yuko salama, basi akivunja mzinga auawe.
Si kweli. Yumo katika daraja la wasiotiliwa wasiwasi mkubwa kwa sababu ameenea Afrika, Arabuni hadi India, lakini IUCN hiyohiyo inasema idadi yake inapungua. Wafugaji nyuki humtega na kumtilia sumu. Hasara yao ni ya kweli, ila dawa ipo: mzinga ukining'inizwa kwa waya mbali na shina la mti, nyegere hupata shida kuufikia.