Mchanga wa Mto Una Miaka Mingapi?

Somo la leo ni habari za mchanga.

Ukitoka Misigiri na kuteremka mlima wa Sekenke, unafika mbuga ya Wembere. Maji yake huingia ziwa Kitangiri, kisha hupita mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi. Mafuriko ya masika huleta mchanga mpya na kuufunika ule wa zamani. Je, mtu aweza kujua tabaka la chini lilifunikwa lini? Aweza, maana ushahidi umo ndani ya chembe zenyewe.

Ardhini mna uraniamu, thoriamu na potasiamu kidogo kidogo. Vitu hivi hutoa miale isiyoonekana, na chembe za jiwe liitwalo kwatzi huweka akiba ya nguvu za miale hiyo. Chembe ikipigwa na jua, akiba hutoka. Ikifukiwa, huanza kuweka upya. Mfano wake ni mtungi uliotegwa chini ya tone: ukijua maji yaliyomo, na yanayoingia kila siku, utajua umekaa siku ngapi.

Mtaalamu huchukua mchanga kwa bomba lisilopitisha mwanga, na kuufungua katika chumba chenye taa nyekundu hafifu. Kisha huumulika. Chembe nazo hutoa mwanga mdogo, naye huupima. Akiba yote ikigawanywa kwa akiba ya mwaka mmoja, jibu ndilo umri. Njia hii ilitangazwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1985.

Lakini iko kasoro moja. Chembe isiyopata jua la kutosha kabla ya kufukiwa hubaki na akiba ya zamani, ikadhaniwa nzee kuliko ilivyo. Katika nchi za baridi kama Siberia, barafu inapoyeyuka mito hujaa tope, na jua halipenyi vema. Mafuriko yetu pia huweza kufanya hivyo. Dawa yake ni kupima chembe moja moja. Ndivyo walivyofanya katika pango la Mumba, karibu na Eyasi. Mwaka 2012 walitangaza kwamba tabaka moja lenye zana za mawe lina miaka 49,000 hadi 57,000 hivi.

Basi, wewe uchimbaye mchanga wa kujengea, ukikuta mawe yaliyochongwa au mifupa ya kale, acha kuchimba. Yafunike palepale, umwarifu afisa utamaduni wa wilaya. Mchanga ule ukianikwa juani dakika chache tu, akiba ya maelfu ya miaka hupotea, wala hairudi.