Samatta Alianzia Lubumbashi

Siku hizi kijana akijua kupiga mpira vizuri, mara aota Ulaya. Na pengine wazee wake wako tayari kuuza kiwanja ili kumlipa dalali. Basi na tuitazame njia aliyoipita Mbwana Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 18, aliiacha Simba akaja kwetu Lubumbashi kuichezea TP Mazembe. Alikaa hapo karibu miaka 5, akijifunza kazi yake. Mwaka 2015 alitia bao katika michezo yote miwili ya mwisho dhidi ya USM Alger, Mazembe ikatwaa kombe la vilabu vya Afrika. Ndipo Ulaya ilipomwita yenyewe: Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, ubingwa mwaka 2019, na Aston Villa mwaka 2020, akiwa Mtanzania wa kwanza katika ligi kuu ya Uingereza. Hata Wembley alifunga, ingawa timu yake ilishindwa 2 kwa 1.

Ninyi vijana, mvumilivu hula mbivu. Nanyi wazazi, mkataba msioufahamu msiutie sahihi.