KITANDA CHA MCHANGA: SAMAKI NA MBOGA KATIKA UA MMOJA



Wengi wetu hapa Ngenge tuna kibanja chenye migomba na maharage. Lakini kikifika kiangazi cha Juni hadi Agosti, mchicha hukauka, na samaki hatumpati ila kwa kununua. Katika makala hii tunaeleza namna ya kufuga sato na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Ufugaji huu huitwa akwaponiki. Roho yake ni kitanda cha mchanga. Mchanga ukiwa mbaya, samaki hufa.

Kwa nini mchanga?
Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Maji yao yakimwagwa kitandani, taka hubaki juu ya mchanga. Bakteria waliomo huigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Maji yaliyochujwa hurudi kwa samaki. Bakteria hao huhitaji hewa, kwa hiyo mchanga sharti upitishe maji upesi. Njia hii ilifanyiwa utafiti na Mark McMurtry na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, miaka ya 1980.

Kupima mchanga
Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, kisha acha saa moja. Tabaka la tope likikaa juu, mchanga uoshwe mpaka maji yatoke safi. Halafu mwagia siki mchanga mwingine kidogo. Ukitoa mapovu una chokaa, haufai.

Kujenga
1. Kwa tangi la lita 500, kitanda kiwe na upana wa mita 1, urefu wa mita 3 na robo, na kina cha sentimita 30. Mchanga huo unazidi tani moja, basi kijengwe juu ya ardhi, si juu ya miti.
2. Tandika turubai la plastiki lisilovuja. Sakafu iinamie upande mmoja kwa sentimita 1 na nusu.
3. Upande wa chini weka bomba la kutolea maji, ulizungushie kokoto. Tangi liwe chini zaidi, maji yarudi yenyewe.
4. Jaza mchanga, tengeneza matuta na mifereji. Mboga hupandwa kwenye matuta. Maji hupita mifereji tu.

Kutunza
Mwagilia kila baada ya saa 2 mchana, kama ndoo 6 za lita 20. Nyumba nzima igawane zamu, au itumike pampu ndogo ya umeme wa jua. Usiku mchanga upumzike. Anzeni na vifaranga 15 hadi 20 na chakula kidogo, kwani bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Dawa ya wadudu isipulizwe kabisa, huua samaki. Tangi lifunikwe kwa wavu imara, wadogo zetu wasije wakatumbukia.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi tuanze na kitanda kimoja, na jirani apate fungu lake la mchicha.

Wabillahi tawfiq.